Daktari aliuliza, ukajibu ndiyo

Mdogo wangu,

Simu zangu hupokei, basi nakuandikia hapa.

Ile "ndiyo" yako haijanitoka masikioni. Daktari kauliza kama Mama, na saratani yake, anachomwa asubuhi na jioni sindano ya kuzuia bonge la damu lisirudi mshipani, nawe ukaitikia, hali mguu wa kushoto umevimba hata kiatu hakiingii. Nikasema mbele yake kwamba ya jioni unairuka ili boksi lifike mwisho wa mwezi. Ulinitazama kama nimekuvua nguo sokoni.

Ulitaka ninyamaze? Mama ana kilo 60; enoksaparini yake, ndiyo hiyo sindano, ni miligramu 60 kila saa 12. Wewe ulimpa nusu. Bonge la damu likirudi kwa mgonjwa anayechoma dozi kamili, dozi hupandishwa kwa kama robo. Angepandishiwa bure, na siku ambayo ungeanza kufuata maagizo sawasawa, angeweza kuvuja damu.

Swali la kwanza huwa ni hilo: dawa imetumika? Ndipo huangaliwa uzito wa sasa, figo, na kama uvimbe wa saratani unabana mshipa wa nyonga au saratani imesonga mbele. Chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, nazo huhesabiwa. Zikiwa chini ya elfu 50, dozi kamili ni hatari. Zikiporomoka kwa zaidi ya nusu kati ya siku ya 5 na ya 10 tangu sindano zianze, huenda sindano yenyewe ndiyo inayogandisha damu, nayo huachwa mara moja ipewe nafasi dawa ya aina nyingine.

Kuchoma unajua, hilo sikunyimi. Unabana ngozi, sindano wima, mbali na kitovu, leo kulia kesho kushoto, husugui, na kale kapovu ka hewa hukatoi. Hata manesi wengine hukatoa.

Bei najua inauma. Ungesema! Vidonge vya kuzuia damu kuganda vipo, ingawa kwa saratani ya tumbo au ya njia ya mkojo huvujisha damu zaidi, na kimojawapo, rivaroksabani ya miligramu 20, isipomezwa na chakula hainyonywi vizuri. Hayo yanazungumzika na daktari. Nusu dozi ya siri haizungumziki.

Sikukuchongea. Nilimsemea Mama.

Kliniki ijayo njoo na boksi, na sindano zilizobaki zihesabiwe. Akianza kuhema kwa shida au kifua kumchoma, usisubiri tarehe wala usinipigie kwanza. Mkimbize hospitali.