Barua ya wazi kwa vijana wetu wa Columbus, kabla mpira haujarudi Jumamosi

Columbus, Ohio
Oktoba 2020

Wanangu na wajukuu zangu,

Nawasalimu nyote mnaozungumza Kiswahili katika mji huu, mliokuja kutoka Mombasa na Kigoma, Bukavu na Bujumbura, na ninyi mliozaliwa hapa hapa Ohio ambao Kiswahili chenu mmekipata jikoni kwa mama. Tangu Agosti mnagombana. Nimewasikia nje ya msikiti na nje ya kanisa, nimewasikia mezani kwangu, na wiki iliyopita ndugu wawili wa tumbo moja walinijia, kila mmoja kwa wakati wake, kumshtaki mwenzake. Mkubwa anasema Big Ten, ligi ya vyuo vikuu 14 ambamo chuo chetu cha Ohio State kimo, ilifunga mpira wa Kimarekani kwa woga, na kwamba korona imekuwa kisingizio cha kufungia watu ndani. Mdogo anasema kuufungua tena ni kuwatoa kafara watoto wa watu kwa ajili ya pesa za televisheni. Sasa wanapishana kwenye ngazi bila salamu. Jumamosi hii, tarehe 24, Ohio State wanacheza na Nebraska, na sikutaka siku hiyo ifike kabla sijasema nililo nalo.

Msimamo wangu ni huu. Uamuzi wa tarehe 11 Agosti wa kuahirisha mpira wa Kimarekani niliuunga mkono, na hadi leo nauona wa haki. Wakuu wa vyuo 11 walitaka kuahirisha, 3 walikataa, na chuo cha mji wetu kilikuwa katika hao 3 pamoja na Nebraska na Iowa. Tarehe 16 Septemba wote 14 walikubaliana kurudi. Kilichobadilika, kwa maelezo yao, ni vipimo: tangu mwisho wa Septemba kila mchezaji anapimwa kila siku, na akithibitika kuambukizwa hagusi mechi kwa siku zisizopungua 21, na moyo wake unachunguzwa kwanza. Huo ni utaratibu wa maana. Ningependa wangengoja zaidi, lakini umeshaamuliwa, nami sina haja ya kuendelea kulia juu yake.

Wewe unayesema woga, nisikilize. Septemba hii watafiti wa Ohio State wenyewe walichapisha walichokiona kwa wanamichezo 26 waliokuwa wamepata korona. Waliwapiga picha za moyo kwa MRI. Hakuna aliyekuwa amelazwa hospitali, wengine hawakuhisi hata homa, lakini 4 walikutwa na dalili za uvimbe katika msuli wa moyo. Najua 26 ni wachache, na huwezi kuapa kwa watu 26. Lakini kama wewe ndiye uliyepewa dhamana ya watoto wa wenzako, ukaletewa karatasi kama hiyo, ungesema nini? Uite woga ukipenda. Mimi ndiyo kazi niliyoajiriwa kuifanya, kuogopa kwa niaba ya watu wasioweza kujilinda.

Mwezi huo huo kijana wa miaka 20, mchezaji wa chuo kimoja cha Pennsylvania, alifariki baada ya kuugua korona, damu ikamganda moyoni. Nimewasikia mkirushiana kifo chake. Mmoja anasema, mnaona mpira unavyoua. Mwingine anajibu kwamba msimu wa chuo chake ulikuwa umefutwa, kwa hiyo kufuta hakukumwokoa. Nawaomba muache kabisa. Yule ana mama yake anayemlilia.

Nawe unayesema wanaodai mpira ni walafi, usiwafute wachezaji wenyewe. Justin Fields wetu, mchezaji wa Ohio State, alianzisha maombi ya kurudishwa msimu, na zaidi ya watu 300,000 walitia saini. Wazazi wa wachezaji walisafiri hadi Rosemont, Illinois, kusimama mbele ya ofisi za ligi na kudai maelezo. Kijana aliyeanza kunyanyua vyuma akiwa na miaka 14 ana misimu michache tu ya kuonekana, na ukimnyima mmoja umemnyima kitu asichoweza kukinunua tena. Na mpira ukifungwa hauanguki peke yake. Iowa, siku kumi tu baada ya kuahirishwa msimu, walitangaza kufuta michezo minne, kuogelea kukiwamo. Muogeleaji hana televisheni inayomlilia. Amepoteza timu yake kimya kimya kwa sababu pesa za mpira ndizo zilizokuwa zikimlisha.

Kuna jambo ambalo pande zote mbili mmeliruka, nalo ndilo lililonikalisha chini kuandika. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Agosti, Trevor Lawrence, mchezaji wa chuo cha Clemson, pamoja na Fields na wenzao kutoka ligi kubwa zote tano za vyuo walitoa tamko lao. Ninyi mlishika mstari mmoja tu, kwamba wanataka kucheza. Someni iliyofuata. Walidai kanuni moja za afya kwa vyuo vyote. Walidai asiyetaka kucheza aachwe bila kuadhibiwa. Na mwishoni walisema wanataka chama chao cha wachezaji. Siku chache kabla, tarehe 2 Agosti, wenzao wa Pac-12, moja ya ligi hizo tano, walikuwa wamedai zaidi ya hapo, hadi mgawo wa mapato. Vijana hawa hawalipwi mshahara. Wanapewa masomo, kitanda na chakula, huku kocha akilipwa mamilioni ya dola kwa mwaka. Kwa hiyo waliposema wanataka kucheza, walisema kama wafanyakazi wanaotaka kazi na kinga ya kazini kwa pamoja. Wazazi wenu mnaowaona wakitoka asubuhi kwenda kwenye ghala na viwanda vya nyama wanasema hivyo hivyo. Hakuna hata mmoja wao aliyeniambia anataka kukaa nyumbani. Wanachotaka ni barakoa za kutosha, nafasi kati ya mtu na mtu, na siku za ugonjwa zenye malipo.

Basi swali mngelianzia hapo: nani anabeba hatari, nani anakula faida, na aliyebeba amepewa nini cha kujikinga nacho. Mngeuliza hivyo msingehitaji kutukanana.

Sasa niwapeleke kazini kwangu. Ninafanya zamu ya usiku katika nyumba ya kulelea wazee, kama wengi wa mama zenu. Mchezaji wa Big Ten anapimwa kila siku. Sisi, kwa kanuni ya serikali kuu iliyotoka mwishoni mwa Agosti, tunapimwa kulingana na hali ya kaunti: maambukizi yakiwa machache mara moja kwa mwezi, yakiongezeka mara moja kwa wiki, yakizidi sana mara mbili kwa wiki. Mimi huyu ninayemgeuza bibi wa miaka 90 kitandani, uso kwa uso, ninayemsafisha na kumlisha, vipimo vyangu havifiki nusu ya vya kijana anayeshika mpira. Simwonei wivu, apimwe, na apimwe vizuri. Lakini nchi inayoweza kupima timu 14 kila siku ilishindwa nini kutupima sisi? Hilo ndilo la kukasirikia, wanangu.

Kuna mzee mmoja anakuja dirishani kwetu. Tangu Machi mlango umefungwa kwa wageni, na mkewe yuko chumba cha chini upande wa maegesho. Analeta kiti cha kukunja, anavaa kofia nyekundu ya Ohio State, anapiga simu, na mmoja wetu anamshikia mama simu sikioni. Ninapomaliza zamu Jumamosi asubuhi namkuta ameshafika. Anamsomea matokeo ya zamani na majina ya wachezaji, na mama anayarudia baadhi. Watu hawa walikuwa wakienda uwanjani pamoja kila msimu.

Oktoba hii Ohio imeruhusu wageni waingie ndani tena. Sharti moja ni kwamba nyumba iwe imepita siku 14 bila maambukizi mapya. Mfanyakazi mmoja akikutwa nayo, hesabu inaanza upya. Mnaona ninakokwenda? Mzee yule hazuiliwi na Big Ten wala na gavana. Anaweza kuzuiliwa na sherehe yenu ya Jumamosi, kupitia mama yenu anayeingia kazini Jumapili usiku akiwa hana hata kikohozi.

Uwanja wetu unachukua watu zaidi ya 100,000 na Jumamosi hautakuwa nao. Hawaruhusiwi, isipokuwa familia za wachezaji na watu wa timu. Tayari nasikia mipango ya kukusanyika katika nyumba ya fulani yenye televisheni kubwa, watu ishirini na zaidi, sebule moja, choo kimoja, madirisha yamefungwa kwa baridi. Amri ya jimbo ni watu 10, lakini siwatishi kwa amri. Nazungumzia kupiga kelele. Mpira unatazamwa kwa kupiga kelele, mdomo wazi, mkono begani kwa mwenzako, bakuli moja la mabawa ya kuku linazunguka. Korona haihitaji zaidi ya hapo. Tazameni kila familia nyumbani kwake, na mkitaka kelele za pamoja, simu mnazo. Mkishindwa kabisa, tokeni nje, muwe wachache, mkae mbalimbali na barakoa, mvae makoti.

Wale wenu mnaocheza, iwe sekondari au chuo, mkihisi homa au kifua kinabana, semeni siku hiyo hiyo, hata kama kesho kuna mechi. Mkiletewa karatasi ya kutia saini, mpeni mtu aisome kabla. Agosti NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, kilivikataza vyuo vyake kuwataka wanamichezo waache haki zao za kisheria kuhusu korona, na asiyetaka kucheza msimu huu kwa sababu ya ugonjwa huu hanyang'anywi udhamini wake wa masomo. Mzazi ambaye Kiingereza kinamchenga, aje nimsomee. Asione haya.

Wengine mmeniletea hoja ya nyumbani. Mnasema Tanzania ligi ilirudi Juni, mashabiki wakaingia, Simba wakatwaa ubingwa, dunia haikuisha. Kenya nao walikata msimu katikati wakawapa Gor Mahia kombe, na bado mnabishana nani alikuwa na akili. Tanzania haijatoa takwimu mpya tangu mwisho wa Aprili. Siwezi kujenga hoja juu ya hesabu ambayo haijaandikwa, na ninyi msijenge. Ninaowajua waliofiwa huko hawakuulizwa na yeyote.

Uchaguzi ni tarehe 3 Novemba, na Rais Trump alimpigia simu Kevin Warren, kamishna wa Big Ten, tangu tarehe 1 Septemba kuhusu mpira huu. Kwa hiyo kila neno sasa linapimwa kwa chama. Anayevaa barakoa ni wa huku, anayetaka mpira ni wa kule. Mwenye haki ya kupiga kura akapige. Lakini ugonjwa huu umeshaua zaidi ya watu 200,000 nchini humu, na watu wetu weusi wamekufa kupita sehemu yao, na wachezaji wengi wa mpira huu ni wao. Kulipima jambo hili kwa rangi ya bango la mgombea ni kujidhulumu wenyewe.

Ninyi ndugu wawili mnajijua. Mkubwa, unapomwita mdogo wako mwoga, kumbuka ndiye aliyempeleka mama yenu kupimwa Aprili ukiwa kazini. Mdogo, kaka yako anautetea mpira kwa sababu ulikuwa kitu pekee alichoshirikiana na Wamarekani shuleni alipofika hajui lugha. Mumheshimu kila mmoja mwenzake kwa hayo. Nataka msalimiane kabla ya Jumamosi, na nitauliza.

Mwaka 1918, mafua makubwa yalipokuwa yakiua dunia nzima, timu ya chuo cha Michigan ilicheza mechi tano tu, na moja ilikuwa hapa Columbus. Ratiba ya mwaka huu inasema watakuja tena tarehe 12 Desemba. Kama watafika au hawatafika, sijui, na hakuna kati yenu anayejua. Pangeni maisha yenu bila kuitegemea tarehe hiyo.

Mechi ya Jumamosi inaanza saa sita mchana. Mimi na kina mama wengine watatu tutapika pilau na kachumbari asubuhi, tuwaletee hadi mlangoni, kila nyumba na chombo chake. Mnaotaka mniambie mapema, na mseme mko wangapi kweli. Ukiniambia watu wanne nitaleta ya wanne. Siku za kazi nalala hadi saa nane mchana, nipigieni baada ya hapo.

Mama yenu,
wa zamu ya usiku