Moto na mmea uitwao nyasi ya dubu

Mhariri,

Makala yenu kuhusu milima ya magharibi mwa Marekani iliutaja mmea uitwao huko "nyasi ya dubu" kana kwamba ni majani ya malisho yanayoteketea bure kila msitu unaposhika moto. Naomba nafasi niyasahihishe maelezo hayo.

Mmea huo si nyasi, ingawa majani yake membamba na marefu, yaliyosongamana katika shungi moja, humhadaa yeyote anayeutazama kwa mbali. Jina lake la kitaalamu ni Xerophyllum tenax, yaani jani kavu lisilokatika upesi. Ukilipitisha kati ya vidole, kingo zake zenye meno madogo zitakukwaruza.

Lililonisukuma kuandika hasa ni suala la moto. Shina la mmea huu limelala ardhini, hivyo moto mwepesi hula majani makavu na kuliacha shina likiwa hai, nalo huchipua mapema kuliko mimea mingi. Wasuka vikapu wa Wayurok, Wakaruk na Wahupa, makabila ya wenyeji wa asili wa kaskazini mwa California, wamelijua hilo kwa vizazi vingi. Walichoma maeneo yao kwa makusudi, wakangoja mwaka mmoja, kisha wakachomoa majani machanga ya katikati, ambayo huwa membamba, laini na hayavunjiki yakikunjwa. Nimewahi kukitazama kikapu chao kwa karibu: weupe wa jani hilo ulipishana na weusi wa bua la kangaga, mstari kwa mstari, bila fundo hata moja kujitokeza.

Uchomaji huo ulipigwa marufuku, na mwaka 1935 Idara ya Misitu ya Marekani ikaagiza kila moto udhibitiwe kabla ya saa nne asubuhi ya siku inayofuata. Pasipo moto majani hukomaa, yakawa mazito na magumu, na msukaji hukosa malighafi huku mmea umejaa mbele ya macho yake. Ni jambo linalonisikitisha sana. Mwaka 2021 California ilipitisha sheria inayowakinga wachomaji wa jadi wasidaiwe gharama za kuzima moto, mradi hawakufanya uzembe mkubwa.

Naomba basi mtakapoandika tena kuhusu mmea huu mtofautishe moto wa maangamizi na moto wa wasuka vikapu, na muwataje wasukaji hao kwa majina ya makabila yao.

Msomaji wenu