Mita ndogo za wapangaji zifungwe kwa namba ya siri, na mpangaji aonyeshwe kilichomo

Mhariri,

Naomba nafasi niseme jambo linalogombanisha wapangaji na wenye nyumba kila mwisho wa mwezi hapa Arusha, na najua Moshi hali ni hiyohiyo, maana nafanya kazi miji yote miwili. Mimi ni fundi umeme, mwanamke, nina leseni ya EWURA, mamlaka inayosimamia huduma za nishati na maji. Siku hizi kazi zangu nyingi ni za mita ndogo, zile sabmita ambazo mwenye jengo anazifunga baada ya mita ya LUKU, ile ya kulipia umeme kabla ya kuutumia, ili ijulikane kila fremu imekula uniti ngapi.

Sizungumzii mita ya LUKU yenyewe. Ile ni ya TANESCO, ina lakiri yao, na asiye wao hana ruhusa ya kuigusa. Nazungumzia ile anayoinunua mwenye nyumba dukani, fundi wake anaifunga, na tangu siku hiyo ndiyo inayoamua nani atoe shilingi ngapi. Hii haina lakiri ya mtu yeyote. Kinga yake pekee ni namba ya siri ya tarakimu nne, na katika majengo mengi ninayoingia namba hiyo bado ni ileile iliyotoka nayo kiwandani: 0000, au 1000. Imechapwa kwenye kijitabu kilichomo ndani ya boksi, na kijitabu hicho yeyote mwenye simu anakipata mtandaoni.

Watu wengi wanaamini kuwa mita ikishakuwa ya dijitali haiwezi kudanganya. Kuhesabu inahesabu vizuri. Lakini inahesabu kwa kufuata ilivyosetiwa. Kwa mzigo mdogo kama saluni au duka la vocha, umeme wote unapita ndani ya mita na hakuna cha kupanga. Kwa mzigo mkubwa, mashine ya kusaga au ya kuchomelea, waya ni mnene na ampea ni nyingi, kwa hiyo kila fezi, yaani kila mmoja wa nyaya tatu zinazoleta umeme, tunaivisha pete inayoitwa CT. Pete iliyoandikwa 100/5 maana yake ni kwamba zikipita ampea 100 kwenye waya mkubwa, mita inapelekewa 5 tu. Mita haiuoni waya mkubwa. Inaona zile tano, halafu inazidisha kwa 20 kwa sababu fundi ndiye aliyeiambia izidishe kwa 20. Ukiiambia CT ni 50/5, itazidisha kwa 10, na itaendelea hivyo mwaka mzima bila taa nyekundu wala alama yoyote kwenye kioo.

Dukani wateja wanabishana kuhusu daraja la usahihi. Ni vizuri kuuliza, maana mita ya daraja la 1 ikitumika katika hali iliyotengenezewa haitakiwi kukosea zaidi ya kama asilimia 1. Lakini uwiano wa CT ukiingizwa vibaya unapoteza nusu nzima ya hesabu, na hapo daraja halikusaidii kitu.

Niliyaona haya katika jengo moja maeneo ya Kwa Mrombo. Lina fremu nane: saluni, fundi cherehani, duka la dawa za mifugo, bucha, na nyingine, na mwishoni kabisa mashine ya kusaga. Mwenye jengo ni mzee mstaarabu, ana daftari lake, kila tarehe ya mwisho anasoma mita zote mbele ya wapangaji. Mwezi ule LUKU ilikuwa imetumia uniti 1,880. Mita ndogo zote nane kwa pamoja zilisoma 1,400. Uniti 480 hazikuwa na mwenyewe. Mzee akafanya anachofanya kila mwenye jengo: akazigawa sawa kwa fremu nane, 60 kila mmoja, akaziita upotevu wa njiani.

Mama wa saluni mita yake ilionyesha 75. Akaandikiwa 135. Alinipigia akiwa na hasira iliyokwisha kuwa huzuni. “Dada fundi, mimi nina draya mbili na taa. Hizo nyingine nimezilia wapi?”

Waya kutoka LUKU hadi kwenye paneli ni mfupi, hauwezi kupoteza hata sehemu ndogo ya uniti zile. Kwa hiyo nilianzia kwenye mzigo mkubwa. Nikamwomba mwenye mashine amimine mahindi ili mota ishike kazi kweli, mota ya hp 15, nikafungua mlango wa paneli na kukamata fezi ya kwanza kwa klampu mita, kifaa kinachopima ampea kwa kuukumbatia waya. Klampu ikasoma ampea 21. Kioo cha mita, fezi hiyohiyo, dakika hiyohiyo: 10.5. Fezi ya pili hivyohivyo, ya tatu hivyohivyo. Volti zilikuwa sawa kabisa, 230 na kitu. Nikamulika tochi kwenye CT: 100/5. Mita ilikuwa inazidisha kwa 10.

Kumbe zamani pale palikuwa na mota ndogo yenye CT za 50/5. Mwenye mashine alipoleta mota kubwa waya ukawa mnene zaidi, haukupita kwenye tundu la zile pete, na fundi akaweka nyingine zenye tundu pana. Kazi ya waya aliifanya vizuri, sina la kumlaumu hapo. Ila mita hakuigusa, na sababu niliipata nilipojaribu mwenyewe. Nikashikilia kitufe, kioo kikaomba tarakimu nne, nikaingiza za kiwandani. Ikakataa. Fundi wa kwanza kabisa, aliyefunga mita ile jengo likiwa jipya, alikuwa amebadilisha namba ya siri kama inavyotakiwa, halafu akaondoka nayo kichwani. Alishahama mji na simu yake haipatikani tena. Muuzaji akataka risiti ya manunuzi pamoja na namba ya mita ndipo aulizie kiwandani. Risiti hakuna.

Mwezi ule mashine ilikuwa imesoma 470, na pamoja na mgawo wa upotevu ikalipia 530. Kumbe imekula 940. Tofauti ya uniti 410 ilibebwa na saluni, cherehani, bucha na wenzao. Mwenye mashine hakuwa mwizi. Alikuwa analipa anachoandikiwa, na aliposikia hesabu alikubali palepale tuzidishe kwa mbili kila usomaji wake hadi mita mpya ipatikane. Tukaandika karatasi, wote wakasaini. Zile za nyuma wanadaiana wenyewe mpaka leo, na hilo siliingilii.

Nimeeleza kisa hiki kwa urefu kwa sababu kinaonyesha upande ambao wanaohimiza namba za siri huwa hawautaji. Namba iliyofungwa na mtu mmoja bila kuandikwa popote ilizuia kosa lisirekebishwe. Kuacha ya kiwandani nako kuna madhara yake. Kwenye nyumba moja ya vyumba Majengo, Moshi, mita ilisomwa 3,412 mwezi mmoja, na mwezi uliofuata ikasoma 96. Kihesabio cha uniti hakirudi nyuma chenyewe. Mtu alikifuta. Wapangaji walishikana mashati, wakamshuku kijana anayesoma mambo ya umeme chuoni kwa sababu tu ana bisibisi. Na hakuna aliyeweza kumsafisha, maana namba ilikuwa 1000 na ilijulikana na kila mtu, hata watoto. Hilo ndilo linaloniuma zaidi. Namba ikiwa ya wote, mkosaji hapatikani na asiye na kosa hana pa kujitetea.

Nimesikia pia wenye nyumba wakisema umeme ulikatika, mita ikasahau. Si kweli. Mita hizi zinahifadhi uniti na mipangilio yake kwenye kumbukumbu isiyohitaji umeme. Ukikatika wiki nzima zinarudi na namba zilezile. Kinachoweza kupotea ni saa, kwa zile zenye saa ndani, betri yake ikiisha. Mita ikirudi na uniti pungufu au na CT nyingine, kuna mkono wa mtu.

Basi ninavyofanya mimi, na ninavyoomba mafundi wenzangu wafanye, ni hivi. Siku ya kukabidhi kazi naita mwenye jengo na mpangaji mmoja aliyechaguliwa na wenzake. Tunasoma pamoja kilichoandikwa kwenye CT, tunaingiza kwenye mita, tunathibitisha kwa klampu mzigo ukiwa umewashwa. Nahakikisha pia aina ya mtandao, yaani fezi tatu na nyutro, na kwamba hakuna CT iliyogeuzwa, kwa sababu pete moja ikikaa kinyume mita nyingi zinaihesabu fezi hiyo kama hasi na jumla inashuka. Ndipo nabadilisha namba ya siri. Nawakataza kuweka 1961 au 1964, ndizo anazoanza nazo kila anayebahatisha, na nawakataza kuweka tarakimu nne za mwisho za simu iliyobandikwa mlangoni mwa fremu. Namba inaandikwa kwenye karatasi, inatiwa ndani ya bahasha, bahasha inafungwa na pande zote mbili zinasaini juu ya gundi. Mwenye jengo anaitunza, lakini haifunguliwi bila mpangaji yule kuwepo. Mimi sibaki nayo, na mteja akiniambia “dada, kaa nayo wewe” namkatalia, kwa sababu mambo yakiharibika sitaki jengo zima limtegemee mtu mmoja mwenye simu inayoweza kuzimika.

Ndani ya mlango wa paneli nabandika karatasi nyingine isiyo ya siri: uwiano wa CT, aina ya mtandao, usomaji wa siku ile, tarehe, na jina la aliyefunga. Hii ndiyo muhimu kuliko zote kwa mpangaji. Namba ya siri inazuia kubadilisha, haizuii kutazama. Uniti, volti na ampea yeyote anaweza kuzisoma kwa kubonyeza kitufe, na mwenye nyumba anayemfukuza mpangaji karibu na paneli kwa kisingizio cha namba ya siri anamnyima haki. Kwa zile mita zisizo na CT kuna kipimo rahisi. Kwenye uso wake pameandikwa mipigo mingapi ni uniti moja, tuseme 1600. Zima kila kitu, washa hita ya wati 1000 peke yake, hesabu ile taa nyekundu ndogo inavyopepesa kwa dakika 6. Inatakiwa ipepese karibu mara 160, kutegemea volti za wakati huo. Ikizidi mno au ikipungua mno, ita fundi.

Tafadhali usifungue waya za CT mwenyewe. Waya zile zikikatika wakati mzigo unatembea, volti kubwa ya kuua inajitokeza kwenye ncha zake. Hata sisi tunazifunga pamoja kwanza kabla ya kuitoa mita.

Wenye majengo mapya kuanzia Njiro hadi katikati ya mji wameanza kuunganisha mita kwa nyaya mbili hadi kwenye kompyuta ya ofisini, wasome bila kwenda kwenye paneli. Ni maendeleo, nayaunga mkono. Wajue tu kwamba lugha inayotumika mara nyingi, Modbus, ilitolewa na kampuni ya Modicon ya Marekani mwaka 1979 kwa ajili ya mitambo ya viwandani, na yenyewe haina namba ya siri. Kuna mita ambazo mtu akizifikia nyaya hizo anaweza kubadilisha mipangilio bila kugusa kitufe. Kwa hiyo paneli iwe na kufuli, na nyaya zisipite korido wazi.

Ombi langu la mwisho ni kwa wakubwa. Wakala wa Vipimo wanakagua mizani ya muuza nyanya sokoni Kilombero na pampu za vituo vya mafuta. Mita ndogo ya jengo la wapangaji nayo ni mizani, inapima kitu kinacholipiwa fedha kila mwezi, na kwenye majengo ninayofanyia kazi sijakuta hata moja yenye stika ya ukaguzi. Naomba wazifikie, hata kwa kuanza na majengo yenye mashine, ambako ndiko kuna CT na ndiko hasara inakuwa kubwa. Nao EWURA, wanaotupa leseni, watuwekee sharti kwamba kazi ya mita ndogo haijakamilika bila karatasi ya makabidhiano yenye uwiano wa CT, usomaji wa kuanzia na saini za pande mbili. Nakala moja ibaki kwa mpangaji.

Fundi umeme,
Ngarenaro, Arusha