Barua kwa binti yangu anayekwenda Florennes

Binti yangu,

Shangazi yako amenipigia simu kutoka Charleroi, anasema umepangiwa Florennes, ile kambi ya jeshi la anga la Ubelgiji, na utakuwa fundi wa ndege za kivita za F-16. Mama yako alipiga vigelegele mpaka majirani wakaja kuuliza kuna harusi gani. Mimi niliuliza jambo moja tu: si hapo ndipo ile ndege iliungulia chini? Shangazi hakujua. Wewe unajua, ndiyo maana nakuandikia.

Tarehe 11 Oktoba 2018 mafundi walikuwa wanahudumia F-16 moja hapo kambini, mzinga wake, ile bunduki kubwa ya ndani ya ndege, ukafyatuka. Upande wa mbele ilikuwa imeegeshwa F-16 nyingine, namba FA-128, imeshajazwa mafuta, inangoja kuruka mchana. Ikashika moto, ikalipuka, ikateketea. Nyingine ya karibu nayo iliharibika. Mafundi wawili walitibiwa masikio. Hakuna aliyekufa, na kwa hilo namshukuru Mungu. Lakini mzinga ule una mitutu sita na unatoa risasi kama 100 kwa sekunde moja. Ukishaanza, hakuna nafasi ya kujuta wala kupiga kelele. Ndege haikuwa vitani, haikuwa hata angani. Ilikuwa kwa mafundi, kwa watu kama wewe.

Kwa hiyo sikiliza. Kabla hujagusa swichi yoyote, nenda mwenyewe ukaangalie kama mzinga una risasi. Usiulize. Angalia. Kule mgodini, kabla ya kuingia chini ya mtambo, kila fundi alifunga kufuli lake kwenye swichi kuu na ufunguo akautia mfukoni mwake. Mfukoni mwake, si mwa msimamizi. Nimemzika mwenzangu aliyeambiwa "tumeshazima" akaamini.

Utaniambia jeshi lina taratibu zake. Wamarekani nao walikuwa nazo. Tarehe 29 Julai 1967, kwenye meli yao ya kubeba ndege, Forrestal, roketi ilichomoka yenyewe kutoka kwenye ndege iliyosimama, umeme wa ndege ulipohamishwa kutoka wa nje kwenda wa ndani, ikapasua tanki la mafuta la ndege nyingine ng'ambo ya sitaha. Watu 134 walikufa na ndege 21 zikapotea. Pini za usalama, zile za kuzuia roketi isichomoke, zilikuwa zimezoeleka kutolewa mapema kuliko ilivyoandikwa, ili kazi iende haraka. Walioanza mtindo ule hawakuwa wajinga, walikuwa na haraka. Na wewe una haraka, tangu utotoni. Mkubwa wako akikuambia "toa pini, tunachelewa," mwambie kwa adabu kwamba bado hujaangalia. Akikasirika, akasirike.

Ulituficha kwamba umeomba jeshi. Ulijua ningekataa, na kweli ningekataa. Lakini ukifaulu mtihani, si ungempigia baba yako kwanza? Nilisikia kwa watu. Hata hivyo picha yako ya sare nimeipeleka kanisani, na mzee wa kanisa ameishika muda mrefu. Yale niliyosema kwenye simu siku ile usiende nayo kambini. Yaache huko kwa shangazi yako.

Hapa tuko salama. Umeme unakuja usiku wa manane, basi mama yako anaamka kupiga pasi. Bei ya unga imepanda, bukari tunapika mara moja kwa siku, lakini mihogo ya kwenye parseli imestawi. Mdogo wako amefukuzwa shule kwa ajili ya karo, nimeshazungumza nao, atarudi Jumatatu. Anasema naye anataka ndege. Nimemwambia kwanza hesabu.

Goti la mama yako linauma mvua ikikaribia. Dawa ulizotuma zilifika, ila maandishi yake ni ya Kiholanzi, tuandikie anywe ngapi.

Masikio pia, mwanangu. Vaa vizibo hata kama wenzako hawavai. Kiziwi hasikii anapoambiwa asimame.

Pesa ya mabati usitume mwezi huu. Nunua koti zito na viatu visivyoteleza, maana nasikia huko kuna barafu. Na ukifika, niandikie ni nani amepewa kukufundisha mambo ya mzinga, kama ni mtu mzima au kijana, na kama yeye mwenyewe huangalia kabla ya kugusa.

Baba yako
Lubumbashi