Tuambieni shabiki amefika kipindi cha ngapi

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie namna maoni ya mashabiki yanavyochapishwa kila inapotoka tamthilia mpya ya mashujaa na ujasusi. Siku mbili hazijapita tangu kipindi cha kwanza, tayari hukumu imeshatolewa: haina mashujaa, inajikokota, heri muvi. Mwingine anajibu kwamba hajapata kuona tamthilia tamu kama hiyo. Huenda wote wawili wasema kweli, ila mmoja aliishia kipindi cha pili na mwenzake yuko cha kumi na saba, na msomaji haelezwi. Ombi langu ni kwamba kando ya kila maoni muandike shabiki huyo amefika kipindi cha ngapi na ametazama kwa njia gani.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni Agents of S.H.I.E.L.D., tamthilia ya Marvel kuhusu majasusi wa shirika liitwalo S.H.I.E.L.D. Ilianza kuonyeshwa Marekani Jumanne, Septemba 24, 2013, katika runinga ya ABC. Usiku wa kwanza ilipata watazamaji milioni 12 na ushei. Juma lililofuata wakashuka chini ya milioni 9. Waliojitoa walikuwa wamekuja kuwatafuta mashujaa wa muvi za Marvel, Iron Man na Thor, wakakuta watu sita ndani ya ndege, na kinachoruka zaidi ya ndege yenyewe ni gari jekundu la kiongozi wao. Siwalaumu. Kiongozi huyo, Phil Coulson, anayeigizwa na Clark Gregg, alikuwa ameuawa katika The Avengers, muvi ya mashujaa hao ya mwaka 2012. Mashabiki wakakataa kumzika, wakasambaza mtandaoni kauli kwamba Coulson yu hai, na tamthilia ikamrudisha. Mtu aliyetoka kwenye muvi ile akiwa na hamu hiyo ataiona tamthilia ya maongezi kuwa imepoa.

Lakini kuna jambo ambalo hukumu za juma la kwanza haziwezi kulijua. Msimu ule ulikuwa na vipindi 22, kila kimoja cha dakika kama 43, yaani karibu saa 16 kwa jumla, na ulichukua majuma 33 kuisha kwa sababu ulikuwa ukisimama mara kwa mara. Katikati ya safari hiyo ilipangwa muvi ya Captain America: The Winter Soldier, iliyotoka Marekani Aprili 4, 2014. Siri inayofichuliwa humo inalipindua shirika lenyewe ambalo akina Coulson wanalitumikia. Waandishi wa tamthilia wasingeweza kuigusa siri hiyo kabla ya muvi kutoka. Basi kipindi cha 16 kikaonyeshwa Aprili 1, muvi ikatoka tarehe 4, kipindi cha 17 kikaja tarehe 8, na kuanzia hapo hadithi inakimbia bila kupumua. Yaliyokuwa yakionekana kama kuzunguka mbuyu yalikuwa kusubiri.

Kwa hiyo anayeanza leo atazame hivi: kipindi cha 1 hadi cha 7, kisha Thor: The Dark World, kwa kuwa cha 8 kinaanza na kazi ya kuondoa vifusi vilivyobaki Greenwich baada ya muvi hiyo. Aendelee hadi cha 16, asimame, atazame The Winter Soldier, halafu 17 hadi 22. Akiiruka muvi, kipindi cha 17 kitamfichulia siri yake bila maandalizi. Akiitanguliza, vipindi 16 vya mwanzo vinapoteza makali, maana atakuwa anamshuku kila mtu kabla hajapewa sababu.

Sitetei kila kipindi. Vingine vya mwanzo ni dhaifu kweli: kisa kinazaliwa na kufa ndani ya dakika 43, na adui wa juma hili hatajwi juma lijalo. Hata hivyo kipindi cha 4 ni ujasusi mtupu. Mwanamke aliyewahi kufunzwa na Coulson amewekewa jicho lenye kamera. Anayemtuma huona kila anachokiona yeye, na amri humjia kwa maandishi, usiku na mchana. Aliyekifikia kipindi hicho na bado akasema hakuna ujasusi, huyo tunaweza kubishana naye.

Dalili nyingine imefichwa kwenye maneno. Coulson ameambiwa kwamba baada ya kujeruhiwa alipelekwa Tahiti kupumzika. Kila akiulizwa kuhusu mapumziko hayo hujibu kwamba ni mahali pa ajabu. Mara ya kwanza maneno hayo yanakupita. Mara ya tatu unagundua ni sentensi ileile, neno kwa neno, kama mtu anayesoma kibao. Tena katika kipindi cha kwanza kabisa, Maria Hill, mmoja wa wakubwa wa shirika, na daktari wanaambiana kwamba Coulson asijue kamwe. Jibu linaanza kupatikana kipindi cha 11 na kuendelea cha 14. Aliyeacha cha 3 akaandika kwamba Tahiti ni mzaha uliorudiwa hadi ukachosha, aliandika kwa haki yake, lakini nambari ile 3 ingewasaidia sana wanaomsoma.

Hapo ndipo linapoingia suala la njia ya kutazama, ambalo hapa kwetu lina uzito wake. Wengi Mombasa hutazama toleo lililotafsiriwa, lenye sauti ya msimulizi juu ya maongezi. Sina ugomvi na wasimulizi; kwenye muvi ya mapigano hakuna raha kama hiyo. Ila sentensi ya Tahiti inafanya kazi kwa sababu haibadiliki. Msimulizi akisema leo "kuzuri sana" na kesho "nilijivinjari ajabu", dalili imekufa, na mtazamaji hana namna ya kujua kwamba ilikuwapo. Tamthilia za ujasusi zimejaa mambo ya aina hii: mnong'ono, jina lililotajwa kwa kuteleza, mtu aliyenyamaza alipopaswa kujibu. Anayezifuata atumie sauti asilia yenye maandishi ya chini, hata kama ni kazi kuyasoma.

Tatizo la kutazama kwa flashi iliyochomekwa kwenye runinga ni dogo ila linaharibu zaidi. Runinga nyingi hupanga faili kwa herufi, hazipangi kwa hesabu. Vipindi vikiitwa 1, 2, 3 hadi 22, vinajipanga 1, 10, 11, na kuendelea hadi 19, ndipo kije cha 2. Mtazamaji anaruka vipindi vinane bila kujua. Ubaya ni kwamba mhusika mkubwa wa kipindi cha 1 anatokea tena cha 10, hivyo mtu anaweza kudhani hadithi inaendelea sawasawa, kisha akalalamika kwamba waandishi wameshindwa kueleza watu wengine hawa wametoka wapi. Dawa yake ni kubadilisha majina kabla ya kuchomeka flashi: 01, 02, 03. Na asizime mapema. Mwishoni mwa kipindi cha 2, hadithi ikionekana imekwisha, kuna kipande kifupi ambamo Samuel L. Jackson anatokea kama Nick Fury, mkuu wa S.H.I.E.L.D. Wapo waliokikosa kwa sababu walizima mapema, au kwa sababu faili ilikatwa mkia.

Sasa upande wa pili, nisije nikaonekana namwambia kila mlalamikaji asubiri. Secret Invasion, tamthilia ya Nick Fury huyo ya mwaka 2023, ilikuwa na vipindi 6 tu, kuanzia Juni 21 hadi Julai 26. Kipindi cha 3 kati ya 6 ni Mtito Andei, nusu ya safari ya Mombasa hadi Nairobi. Kipindi cha 3 kati ya 22 ni basi la Nairobi ndiyo kwanza linapita Samburu. Aliyesema kwenye kipindi cha 3 cha Secret Invasion kwamba hadithi inalegea alikuwa na haki kamili, kwani muda wa kujirekebisha ulikuwa umekwisha. Na waliokasirishwa na picha za utangulizi zilizotengenezwa kwa akili mnemba hawakuhitaji kusubiri hata kidogo. Utangulizi unauona siku ya kwanza, nao ulikuja wakati waandishi wa Hollywood wako kwenye mgomo tangu Mei 2. Hasira yao ilikuwa ya haki.

Lipo pia suala la wanaomwaga mtama kwenye kuku wengi. Kipindi cha saa mbili usiku New York, hapa ni saa tisa usiku wa kuamkia kesho yake, na saa kumi baada ya Wamarekani kurudisha saa zao nyuma mwezi Novemba. Watu wakipanda feri ya Likoni asubuhi, siri imeshatapakaa kwenye stetasi za WhatsApp. Gazeti lisiongeze kuni. Katika barua hii sikutaja kinachofichuliwa The Winter Soldier wala jibu la Tahiti, na sidhani kuna msomaji aliyeshindwa kunielewa.

Mstari mmoja chini ya jina la shabiki unatosha: "Amefika kipindi cha 9 kati ya 22, sauti asilia, hajatazama muvi." Au: "Kipindi cha 2, toleo la kutafsiriwa." Kama ametazama misimu yote saba, vipindi 136 hadi kile cha mwisho cha Agosti 12, 2020, hilo nalo liandikwe, maana huyo anajua mwisho, na sifa zake kwa kipindi cha kwanza si sawa na za mtu anayekiona leo.

Msomaji wenu,
Majengo, Mombasa