Manjano yaliyogeuka mekundu: jibu kwa mama wa kurta nyeupe, na wengine mnaolalamikia rangi zetu za Holi

Kila Holi, sikukuu ya Wahindu ya kurushiana rangi, ikipita, lalamiko hili hutufikia sisi tunaotengeneza unga wa rangi kwa mimea. Safari hii limekuja na picha: kurta (shati refu la Kihindi) ndogo nyeupe ya mtoto wa miezi tisa, kifuani madoa mekundu kama damu. Chini yake ujumbe: "Mliniambia rangi ya njano ni manjano matupu. Mbona imegeuka nyekundu nilipofua? Mmetia dawa gani, na mimi nilimpaka mwanangu shavuni?"

Mama, mshtuko wako tunauelewa. Lakini wekundu ule ndio ushahidi kwamba tulikuuzia manjano. Sabuni ya mche ina ukali wa magadi, na manjano yakikutana na magadi, chokaa au majivu hugeuka mekundu. Hata kumkum, ule unga mwekundu wanaopaka wanawake wa Kihindu kwenye paji la uso, kiasili hutengenezwa kwa manjano na chokaa. Kamulia limau kwenye doa, utaona linarudi njano hapo hapo. Kisha suuza, anika kurta juani siku mbili tatu. Jua hula manjano kuliko sabuni yoyote. (Limau ni la nguo. Usimkamulie mtoto shavuni. Tunaandika hivi kwa sababu yuko aliyefanya.)

Ujumbe ule ulimalizia na bei, kwa hiyo na sisi twende huko. Robo kilo ya gulali yetu, yaani huo unga wa rangi, ni Sh 7,000. Madukani utapata pakiti zinazong'aa kwa chini ya nusu ya hapo, na kila Machi tunaambiwa kwamba sisi ni wezi. Njoo siku moja uone.

Manjano tunanunua mizizi, hatununui unga. Unga wa manjano huchakachuliwa. Kule Bangladesh watafiti walikuta manjano yaliyotiwa kromati ya risasi ili yang'ae, na risasi ni sumu inayodumaza ubongo wa mtoto. Basi tunaosha mizizi, tunakatakata, tunakausha, tunasaga wenyewe. Rangi ya machungwa inatokana na mzingefuri, waridi inatokana na bitiruti. Maji ya rangi tunayanyunyizia wanga wa mahindi, tunafikicha kwa viganja, tunatandaza kwenye masinia kivulini. Dar mwezi wa tatu hewa imejaa maji, masika yananyemelea. Kinachokauka kwa siku moja Januari kinachukua tatu. Bitiruti ndiyo inatutesa zaidi kwa sababu ikipata joto kali huwa kahawia. Mwaka juzi kijana wetu alitaka kuwahi, akaanika sinia zima juu ya bati. Saa saba mchana tulikuwa na unga wa rangi ya chai ya maziwa. Tuliumwaga wote.

Baada ya hapo tunasaga tena na kuchekecha mara mbili, kwanza chekeche la unga, kisha kitambaa cha melimeli. Chenga zinazobaki tunatupa, na zimekwisha kutugharimu. Chenga hizo hizo ukimsugulia mtoto zinamkwaruza.

Matokeo yake ni rangi iliyopoa. Ndiyo, iliyopoa. Haing'ai, haina chembe za kumetameta, na nyeusi, ya fedha na ya dhahabu hatutengenezi kabisa. Hapa ndipo wateja wanapoingiza njia zao za mkato.

Anayetuuma zaidi ni dada mmoja, mteja wa siku nyingi. Alinunua robo ya waridi kwa ajili ya Holi ya kwanza ya mwanawe, akaiona imepauka, akachanganya na kijiko kimoja cha rangi ya ukili, ile ya kopo dogo ambayo bibi zetu huchemshia ukili wa mikeka. Sinia likawaka kweli. Mtoto alipotoka jasho, rangi ikateremka kwenye mikunjo ya shingo, na usiku ngozi ikavimba vipele. Alikwenda kliniki mara mbili, akanunua dawa ya kupaka, akatupa shuka na foronya. Kwa hesabu yake mwenyewe angenunua kilo mbili zetu. Kisha akatulaumu sisi! Tulimwomba alete kilichobaki. Tulitia kidogo kwenye glasi ya maji. Rangi yetu ilizama na wanga wake chini, ile ya ukili ikasambaa juu kama moshi. Hapo akacheka, ingawa kwa uchungu.

Wengine huchanganya nusu kwa nusu na rangi ya dukani ili iongezeke. Rangi za viwandani zimewahi kukutwa na madini ya risasi na zebaki, na baadhi ni rangi za kutilia nguo tu zilizochanganywa na chaki. Mwaka 2012, Dharavi, Mumbai, watoto zaidi ya 100 walipelekwa hospitali baada ya kucheza Holi, na mmoja alifariki. Usiharibu yetu kwa kuipa jirani wa namna hiyo.

Sasa, jambo linalofanya wenzetu wa biashara watushangae: ukituambia mtoto hajatimiza mwaka, unga hatukuuzii kwa ajili yake. Hata wetu. Wanga hauna sumu, lakini ni vumbi, na mapafu ya mtoto ni madogo. Yeye hajui kufumba macho unga unaporushwa, na mkono wake, ukishika chochote, unaishia mdomoni. Tunakupa liwa, mti wa kunukia. Tunaisaga juu ya jiwe kwa maji safi, bila marashi, iwe nzito kama uji wa kulea. Mpake kidogo ndani ya mkono siku moja kabla, mwangalie hadi kesho yake. Ngozi ikitulia, nukta moja mguuni au kwenye paji inatosha. Bhai (kaka) mpiga picha atapata picha yake, na ba, yaani bibi, atafurahi. Kisha mtoto akae ndani au barazani, mbali na wanaorusha, akiwa amevaa mikono mirefu ya pamba. Vibaluni vya maji viondoe kabisa. Kipande cha baluni kilichopasuka kinaweza kumkaba mtoto.

Usiku wa kuamkia siku ya rangi huwashwa moto mkubwa uitwao Holika, nao una mambo yake. Familia nyingi za Kigujarati humzungusha mtoto kwenye moto wa Holika katika Holi yake ya kwanza, na hatuna neno na mila ya watu. Simama upande upepo unakotoka, zunguka kwa mbali, ondoka mapema kabla moshi haujawa mzito. Bisi za mtama na dengu zinazogawiwa pamoja na tende zisimfikie mdomoni, humkaba. Na gulali isifike karibu na moto! Hata yetu ya wanga mtupu. Juni 2015 huko Taiwan, unga wa rangi wa wanga wa mahindi ulirushwa kwenye tamasha, ukashika moto hewani. Watu 15 walikufa na mamia waliungua. Tangu hapo tunaandika kwenye kila mfuko: kesho yake, mchana, nje.

Kuogesha. Hapa tunasema na dada wa kazi, kwa sababu mama ndiye hupewa maelekezo, lakini bosi wa beseni ni wewe. Kabla ya sherehe, mpake mtoto mafuta ya nazi kidogo, hasa nyuma ya masikio na kwenye mikunjo. Baadaye pangusa vumbi likiwa kavu, kwa kitambaa laini, ndipo maji ya uvuguvugu na sabuni yake ya mtoto. Dodoki hapana. Mafuta ya taa hapana, hata kama wajomba wanajisugulia. Kivuli cha njano kikibaki, kiache, kitaondoka chenyewe. Rangi ikiingia jichoni, mimina maji safi polepole kwa dakika kadhaa bila kusugua. Likibaki jekundu au mtoto akikataa kulifumbua, ni hospitali, usingoje kesho.

Mama wa kurta nyeupe alituletea ile nguo. Tuliianika uani siku tatu, doa limeisha, isipokuwa kwenye pindo ambako uzi wa mshono umekataa. Pesa hatukumrudishia. Tulimpa kipande cha liwa.

Oda hufungwa siku kumi kabla ya mwezi mpevu wa Holi, kwa sababu ya kukausha. Rangi ya bluu bado hatuna, msiendelee kuulizia.