Mamaledi ya Esther Ocloo

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Uliniuliza kwa nini namtaja Esther Afua Ocloo, yule mfanyabiashara wa Ghana, kila tunapozungumzia biashara ya vyakula. Watu husimulia jinsi alivyoanza na mtaji wa shilingi 6 ukazaa 12, wakasahau kilichokuwa ndani ya chupa alizouza.

Alizaliwa Peki Dzake, Ghana, mwaka 1919. Alipomaliza masomo katika shule ya Achimota alianza kupika mamaledi, yaani jamu ya machungwa na maganda yake, na kuichuuza barabarani. Baadaye Achimota yenyewe ikampa kazi ya kuipelekea shule mamaledi na maji ya machungwa, na mkataba huo ndio uliomwezesha kukopa benki. Hapo ndipo ugumu unapoanza, kwa sababu shule hutaka kila chupa ifanane na ya jana.

Na mamaledi haitaki kubahatisha. Maganda huchemshwa kwanza mpaka yabonyee kwa vidole, pamoja na mbegu na ule utando mweupe, vikiwa vimefungwa kitambaani. Humo ndimo ilimo pektini, kitu kinachoigandisha mamaledi. Sukari ikiwahi kuingia, maganda hukakamaa, na hata uyachemshe vipi hayalainiki tena. Ikishatiwa, pika hadi nyuzijoto 104 au 105, sukari ifike kama asilimia 65. Ikipungua, ukungu huota. Ikizidi, hufanya chenga. Machungwa matamu hukosa ukali wa kutosha, kwa hiyo hukamuliwa ndimu. Ukipitiliza moto pektini huvunjika, ukabaki na sharubati.

Ndiyo maana naona safari yake ya Uingereza, 1949 hadi 1951, ilikuwa na uzito kuliko mtaji. Alipata diploma ya upishi ya Good Housekeeping Institute, London, Mwafrika wa kwanza kuipata, kisha akasomea uhifadhi wa vyakula Bristol. Alirudi akaiendeleza kampuni yake ya vyakula, Nkulenu, na maarifa hayo hakuyafungia: aliwafundisha wanawake wengine.

Aliwafundisha hata kukokotoa gharama. Muuzaji asiyehesabu kuni, chupa, nauli na saa zake mwenyewe huuza kwa hasara huku akiona fedha zinazunguka. Kisha kuna mkopo: benki hudai dhamana, na wanawake wengi hawana hati ya nyumba wala shamba. Mwaka 1979 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Women's World Banking, shirika la kuwasaidia wanawake kupata mikopo, akawa mwenyekiti wake wa kwanza. Huo ndio ukarimu ninaouheshimu. Mwaka 1990 alipewa Tuzo ya Afrika ya Uongozi pamoja na Olusegun Obasanjo wa Nigeria.

Kikundi chenu cha biashara ya vyakula kikianza, wafundishe wenzako hesabu ya chupa moja kabla hamjawasha moto.

Wako akupendaye.